Kondakta na Dereva: Hesabu ya Kwanza ya Maradhi ya Kukaa

Ushauri wa kuushughulisha mwili ni wa kale kuliko hospitali. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alipoeleza katika Al-Qanun fi al-Tibb namna ya kuilinda afya, aliyatanguliza mazoezi, akafuatisha chakula, kisha usingizi. Mwaka 1700 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha kitabu kizima kuhusu maradhi ya wafanyakazi. Humo aliwataja washona nguo na washona viatu, watu wa kuinama kutwa juu ya kazi moja, akawahimiza wautumikishe mwili walau siku za mapumziko. Kwa hiyo hawakukosekana waliojua. Kilichokosekana ni kipimo. Kwa karne nyingi ushauri huu ulikaa kapu moja na ushauri mwingine wa matabibu, wa kweli na usio wa kweli, na aliyetaka kuupuuza hakuwa na wa kumshinda kwa hoja, maana hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kukaa kunaua wangapi, wa umri gani, na kwa ugonjwa upi. Hesabu ya kwanza iliyosimama ilipatikana katikati ya karne ya 20, na haikutoka katika kiwanja cha michezo wala katika maabara. Ilitoka katika kazi ya ukondakta wa basi, mjini London. Jambo hilo lina uzito mkubwa, kwa sababu linaonyesha mahali ambapo kinga ya mwili wa binadamu ilikuwa imehifadhiwa muda wote huo: ndani ya riziki. Watu wengi hawakufanya mazoezi. Walifanya kazi, na kazi iliwalinda bila wao kujua. Kazi zilipobadilika kinga iliondoka nazo, na ikachukua miaka kabla ya mtu yeyote kugundua kwamba imeondoka.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, madaktari wa Uingereza walikabiliwa na kifo cha namna mpya. Kifua kikuu na maradhi ya kuambukiza ya utotoni yalikuwa yakirudi nyuma, lakini wanaume wa miaka 40 na 50, watu wenye nguvu na familia za kulea, walikuwa wakianguka ghafla kwa mshtuko wa moyo. Sababu haikujulikana. Wengine walishuku mafuta, wengine sigara, wengine wasiwasi wa maisha ya mjini. Jerry Morris, daktari aliyezaliwa mwaka 1910 na kukulia Glasgow katika familia ya wahamiaji wa Kiyahudi, na aliyelitumikia jeshi nchini India wakati wa vita, alianza mwaka 1948 kuongoza kitengo kidogo cha utafiti wa afya ya jamii chini ya Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Yeye na wenzake waliamua kuuliza swali linaloweza kujibiwa kwa daftari: je, ugonjwa huu huwapata watu wa kazi zote kwa kiwango kimoja? Shirika la usafiri la London lilikuwa na daftari kama hilo. Kila mfanyakazi aliyeugua, aliyestaafu kwa ugonjwa au aliyefariki aliandikwa, na daktari wa shirika hilo, P. A. B. Raffle, akawa mmoja wa watafiti. Walikusanya habari za wanaume wapatao 31,000 wa umri wa miaka 35 hadi 64.

Ndani ya basi la ghorofa la London mlikuwa na watu wawili wa kazi. Dereva aliketi katika kibanda chake mbele na, kwa hesabu ya watafiti, alitumia kama asilimia 90 ya zamu yake akiwa amekaa. Kondakta hakuwa na pa kukaa. Alikata tiketi chini, akapanda ngazi kukata tiketi juu, akashuka, na basi lilipojaa tena akaanza upya. Kwa siku moja ya kazi alipanda vipandio vya ngazi kati ya 500 na 750, na alifanya hivyo wiki baada ya wiki kwa miaka. Watu hawa wawili walitoka mitaa inayofanana, mishahara yao ilikaribiana, waliajiriwa na shirika moja na kupumua moshi wa barabara ileile. Ni vigumu kwa mtafiti kupata jozi nzuri kuliko hiyo. Hesabu za 1949 na 1950 zilionyesha kuwa madereva walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa kiwango cha watu 2.7 katika kila 1,000 kwa mwaka, na makondakta 1.9. Tena kondakta aliyepatwa alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuzivuka siku za mwanzo akiwa hai, ilhali kwa madereva ugonjwa uliwaua zaidi mapema.

Msomaji makini atauliza mara moja: je, si wasiwasi wa barabarani uliomuua dereva? Usukani wa basi katika mji wenye msongamano ni mzigo wa akili, na roho za abiria wote ziko mikononi mwa mtu mmoja. Morris mwenyewe aliliona shaka hilo, na kinachonifanya niiamini kazi yake ni kwamba hakuridhika na basi peke yake. Kabla ya kuchapisha, kikundi chake kiligeukia watumishi wa posta na wa serikali, watu zaidi ya laki moja, wakawalinganisha waliosambaza barua kwa miguu na baiskeli na wenzao waliokaa kwenye meza za ukarani na mitambo ya simu. Tarishi hakuwa na abiria wala usukani, na karani hakuwa na barabara ya kumtia hofu. Sura ikawa ileile: waliotembea waliugua moyo kidogo kuliko waliokaa. Makala yao yalitoka katika jarida la tiba la The Lancet mwezi Novemba 1953, na yaliandikwa kwa tahadhari, kama dhana inayohitaji kupimwa zaidi. Madaktari wengi hawakushawishika. Ilikuwa vigumu kukubali kwamba maradhi ya moyo, yaliyokuwa yakitafutiwa chanzo katika damu na chakula, yangeweza kuhusiana na ngazi za basi.

Pingamizi zito zaidi lilikuja baadaye, na lilitokana na kazi ya kikundi hichohicho. Huenda watu wanene, au wenye miili iliyokwisha kuelekea ugonjwa, ndio waliochagua udereva, na wepesi wakachagua ukondakta. Ikiwa ni hivyo, ngazi hazikumlinda mtu; zilimchuja tu. Mwaka 1956 Morris na wenzake walipekua kumbukumbu za sare ambazo shirika liliwashonea wafanyakazi wake, wakakuta kweli suruali za madereva zilikuwa pana kiunoni kuliko za makondakta wa rika lao. Watafiti wengine wangeificha habari kama hiyo. Wao waliitangaza, kisha wakavigawa vifo vya ghafla kwa upana wa kiuno, na ikaonekana kwamba hata kati ya wembamba dereva alikuwa hatarini kuliko kondakta. Utafiti mwingine, wa 1967, uliwapima vijana walioingia kazini karibuni na kukuta tofauti za umbo na za mafuta ya damu zilikuwapo tangu mwanzo kwa kiasi fulani. Kwa hiyo pingamizi lina ukweli wake. Tofauti yote kati ya watu wale wawili haiwezi kuandikwa kwa jina la ngazi, na anayeisimulia habari ya mabasi ya London kana kwamba inamaliza ubishi anaipunguzia heshima.

Lakini historia haikuishia kwenye basi. Ili kuliondoa suala la kuchagua kazi, Morris aliwaendea watumishi wa serikali wa ngazi ya kati, karibu wanaume 17,000, ambao wote walikaa ofisini. Kazi yao ilikuwa moja na viti vyao vilikuwa vilevile. Kilichotofautiana ni walichofanya baada ya saa za kazi. Kati ya 1968 na 1970 waliombwa waandike, kwa vipindi vya dakika tano tano, walivyotumia siku ya Ijumaa na Jumamosi. Matokeo yaliyochapishwa 1973 yalionyesha kwamba waliofanya shughuli za kuwatoa jasho kwa hiari yao, kama kuogelea, kukimbia au kazi nzito za bustani, walikuwa na hatari ya ugonjwa wa moyo iliyokaribia theluthi moja ya ile ya wenzao. Hapo ndipo habari inapogeuka. Basi lilikuwa limeonyesha kwamba kazi inaweza kumlinda mtu. Ofisi ilionyesha kwamba kinga ileile inaweza kupatikana nje ya kazi, kwa makusudi. Zoezi la hiari, ambalo mpaka wakati huo lilihesabiwa kuwa burudani ya wenye nafasi, lilipata hadhi ya kitu kinachoziba pengo.

Ng'ambo ya bahari, mtafiti Ralph Paffenbarger alikuwa akifuatilia swali hilo bandarini San Francisco. Makuli wa bandari ile walikuwa na utaratibu wa chama chao uliomtaka kila anayeingia aanze na kubeba shehena kwa miaka kadhaa kabla ya kuhamia kazi nyepesi. Utaratibu huo ni hazina kwa mtafiti, kwa kuwa wote walipitia mlango mmoja, wanene kwa wembamba, na hapakuwa na aliyeanza kwa kuchagua kiti. Watu 6,351 walifuatiliwa kwa miaka 22. Taarifa ya 1975 ilisema kwamba waliobaki kwenye kazi nzito walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa kiwango cha watu 26.9 katika kila miaka 10,000 ya kazi, wa kazi ya wastani 46.3, na wa kazi nyepesi 49. Wakati huohuo kontena lilikuwa limekwisha kuingia bandarini, na winchi ikawa inafanya kilichokuwa kikifanywa na mabega. Taarifa ile ilikuwa pia maziko ya kazi yenyewe. Mwaka 1996 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliwapa Morris na Paffenbarger kwa pamoja tuzo yake ya kwanza ya sayansi ya michezo. Morris aliishi miaka 99, akafariki mwaka 2009.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii, na sehemu hiyo ni ya kabla ya basi la London. Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, alieleza matokeo ya kuwapima shinikizo la damu watu 1,000 katika eneo la Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya. Katika Ulaya ilichukuliwa kuwa kawaida presha ipande kadiri umri unavyopanda. Watu aliowapima Donnison hawakuwa hivyo. Baada ya miaka 40 presha yao ilielekea kushuka. Katika miaka ya 1960 mtafiti George Mann wa Marekani aliwapima Wamaasai wa Tanganyika, watu wa maziwa na nyama, ambao kwa nadharia ya mafuta walipaswa kuwa wagonjwa wa moyo. Alikuta wana lehemu ndogo katika damu na ustahimilivu mkubwa wa mwili, na alipochunguza maiti 50 za wanaume, matokeo aliyoyachapisha 1972, alikuta mafuta yameganda kwenye kuta za mishipa ya moyo, lakini mishipa yenyewe imetanuka kiasi kwamba damu bado ilipita. Mann aliamini kwamba ni kutembea kwao kulikoitanua. Ni rahisi kuzichukua habari hizi na kutangaza kuwa babu zetu hawakuugua kwa sababu walitembea. Ushahidi wenyewe unatuzuia. Vijana wa Kisamburu waliochukuliwa jeshini nchini Kenya walichunguzwa na kundi la A. G. Shaper katika miaka hiyohiyo, na presha yao ilipanda ingawa askari si mtu wa kukaa. Posho ya jeshi ilikuwa na chumvi nyingi kuliko maziwa ya nyumbani. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuata Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini, wakaona presha ikipanda katika miezi ya mwanzo tu, pamoja na uzito na chumvi katika mkojo. Mwendo peke yake haumlindi mtu dhidi ya sahani yake. Anayeahidi vinginevyo anawapotosha wagonjwa.

Kuna onyo jingine, na hili ni la historia zaidi kuliko la tiba. Hakuna kazi iliyoutembeza mwili wa Mwafrika Mashariki kuliko upagazi. Katika karne ya 19 wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe, vitambaa na shanga kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, njia ya zaidi ya kilomita 1,000, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi pamoja na chakula na vyombo vyake. Wenye ujuzi waliheshimiwa, walijadiliana ujira, na wangeweza kugoma. Lakini ndui na njaa viliwaua njiani, na Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, upagazi uligeuzwa kuwa shuruti. Makumi ya maelfu ya wabeba mizigo wa majeshi walikufa kati ya 1914 na 1918 kwa kuhara, malaria na uchovu. Kariakoo ya Dar es Salaam ingali na jina linalotokana na kikosi chao. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, Tabora 1912 na Kigoma 1914, ilimwondolea binadamu mzigo ambao hakustahili kuubeba. Kwa hiyo ninapodai kwamba kazi ilihifadhi kinga ya mwili, sidai kwamba kazi ya sulubu ni tiba. Watafiti wa Denmark wameonyesha katika miaka ya karibuni kwamba kunyanyua vitu vizito kutwa bila pumziko hakuleti faida inayoletwa na mazoezi ya hiari, na kunaweza kuuchosha moyo. Jambo hilo bado linabishaniwa, na makuli wa San Francisco wanaonekana kulipinga. Ila kuli yule alibeba kwa vipindi, akapumzika, alikuwa na chama kilichomtetea na mshahara wa kumlisha. Mpagazi wa vita hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Mwili unahitaji mwendo, na baada ya mwendo unahitaji chakula na usingizi, kama Ibn Sina alivyopanga.

Kinachotokea ndani ya mwili sasa kinaeleweka vizuri kuliko siku za Morris. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa haifanyi kazi ipasavyo, na ndiyo maana mtu mwenye dalili za kuelekea kisukari hunufaika na matembezi ya siku ileile. Moyo uliozoezwa husukuma damu nyingi kwa pigo moja, kwa hiyo hupiga mara chache wakati wa mapumziko. Kuta za mishipa hulegea na presha hushuka. Mji wa Da Qing, nchini China, ulitoa mwaka 1986 jaribio ambalo halikutegemea watu kujichagulia: watu 577 waliokuwa ukingoni mwa kisukari waligawanywa kufuata kliniki zao, wengine wakashauriwa kuhusu chakula, wengine mazoezi, wengine vyote viwili, na kundi moja likaachwa na huduma ya kawaida. Baada ya miaka sita, kati ya kila watu 100 wa kundi la mwisho 68 walikuwa na kisukari. Wa mazoezi walikuwa 41. Anayefanya mazoezi ili akonde atavunjika moyo mapema, na hapa ushahidi unatoka Tanzania. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu inayotumiwa na Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, ambao hutembea na kuchimba mizizi kila siku, wakakuta kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, haizidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya. Mwili hubana matumizi mahali pengine. Lakini Wahadzabe hao wana mioyo yenye afya hadi uzeeni. Faida ya mwendo, basi, iko katika moyo, mishipa, misuli na sukari, na mizani ya kupimia uzito haiwezi kuionyesha yote.

Tarehe 9 Desemba 2005 basi la mwisho la kawaida la aina ya Routemaster, lenye kondakta, lilifanya safari yake kwenye njia namba 159 mjini London, na ukondakta wa mji ule, kazi iliyotupa hesabu hii, ukafikia kikomo katika njia za kawaida. Dereva alibaki peke yake. Kwetu mabadiliko ya namna hiyo yamekuja kwa kasi zaidi. Bodaboda ilianza Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, nayo ilikuwa baiskeli: aliyekupakia alikanyaga kwa miguu yake. Leo ni pikipiki, na aliyekuwa injini amekuwa abiria wa pili. Umbali wa kilomita moja au mbili ambao mtu wa mjini aliutembea kwenda sokoni au kituoni umeondoka katika siku yake kwa gharama ndogo, na hakuna anayeweza kumlaumu mtu aliyechoka kwa kupanda. Mwaka 2016, katika hesabu za Shirika la Afya Duniani, Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi zenye watu wachache zaidi wasioufanyisha mwili kazi ya kutosha, chini ya 6 katika kila watu wazima 100. Kuwait ilikuwa na 67. Watu wa Kuwait hawakuzaliwa wavivu. Babu zao walipiga mbizi kutafuta lulu na kuendesha majahazi yaliyofika mpaka pwani yetu. Fedha za mafuta zilibadilisha kazi zao ndani ya umri wa mtu mmoja. Takwimu nzuri ya Uganda kwa sehemu kubwa ni takwimu ya jembe na ndoo ya maji, na jembe linapoachwa, kama tunavyotamani wote liachwe kwa trekta, takwimu hiyo haitajilinda yenyewe.

Hapo ndipo linapotokea pingamizi la wengi, na ni la haki: mazoezi ni mambo ya wenye fedha na wakati. Mwanamke anayeteka maji alfajiri hahitaji kuambiwa akimbie. Ni kweli, na si yeye anayeambiwa. Lakini mjini wako wengi ambao umaskini haukuwapa mwendo: fundi cherehani, muuza duka la rejareja, mlinzi wa getini, dereva wa daladala anayekaa saa 14, mama anayeuza mchicha akiwa amekaa kwenye kigoda tangu asubuhi. Hawa wana maisha magumu na bado wanakaa. Kwao kiwango kinachopendekezwa, dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya kuongeza mapigo ya moyo, kwa kipimo chake cha chini ni sawa na kutembea kwa haraka nusu saa kwa siku tano, na hakidai ada ya ukumbi wa mazoezi. Hata namna ya kupumzika ina tofauti. Watafiti waliowafungia Wahadzabe vipima-mwendo, wakachapisha matokeo 2020, waliona kwamba nao hupumzika karibu saa 10 kwa siku, sawa na watu wa mijini, lakini sehemu ya muda huo huchuchumaa au hupiga magoti, na misuli ya miguu huendelea kufanya kazi kidogo. Kwa sababu hiyo nalipa uzito hata jambo dogo kama kuinuka kitini kila baada ya muda. Pingamizi la umaskini linaigusa serikali kuliko linavyomgusa fundi cherehani: mtu hawezi kutembea haraka pasipo na pa kutembea.

Kinga iliyokuwa ndani ya kazi haitarudi kazini, na haifai irudi kwa njia ya mizigo na ndoo. Itabidi irudishwe kwa makusudi, na makusudi ya mtu mmoja mmoja hayatoshi katika mji ambao pembezoni mwa barabara ni mtaro wazi na pikipiki. Kigali imeonyesha kwamba inawezekana. Tangu 2016 barabara zake kuu hufungwa kwa magari asubuhi za Jumapili maalumu, watu wakatembea na kukimbia, na papo hapo hupimwa presha na sukari bila malipo. Gharama yake ni polisi wachache na uamuzi wa viongozi. Halmashauri za Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Bujumbura zina barabara zinazoweza kufungwa kwa saa tatu za Jumapili, na zina wataalamu wa afya wa kukaa kando yake na vipimo. Zianze na barabara moja, na bajeti ijayo ya ujenzi itenge njia ya waenda kwa miguu kabla ya kuongeza njia ya magari.